Victorine Amlilia Rubani

Watu wa Yeoville, mtaa wetu hapa Johannesburg, wakikuambia Victorine ni fundi cherehani, wamekuambia nusu. Kweli anashona, na mimi Yolande ninayeuza samaki wa chumvi meza ya jirani sokoni najua, maana vipande vya vitenge vyake vinaangukia samaki wangu kila siku na haombi radhi. Lakini kazi yake hasa ni kulia. Mkongomani akifa Johannesburg, hata awe amefia Soweto huko, matanga hayachangamki mpaka Victorine afike. Baba yake mwenyewe alipofariki Uvira, kwetu Kongo, alimlilia kwa simu mpaka salio likakata, akachukua simu yangu akaendelea.

Basi Novemba iliyopita akaja Bibi Hettie, mzungu mzee anayekaa karibu na bustani, ameleta gauni jeusi la kupunguzwa kiuno. Victorine akamuuliza nani amefariki. Bibi akasema ni baba yake, rubani wa ndege za mabomu, mtu wa nishani, na Jumapili wanamkumbuka pale kwenye jiwe lake bustanini. Kisha akavua miwani akaifuta. Mwaka uliotangulia walifika watu wanne tu, na kamati inayoandaa shughuli imesema watu wasipopatikana safari hii ndiyo basi, baba hatafanyiwa tena kumbukumbu.

Victorine akashika kichwa. Msiba wa watu wanne! Bibi alipogeuka tu, mwenzangu akaanza kupiga simu.

Jumapili tukaingia bustanini wanawake tele, sare ya kitenge, viti vya plastiki, sufuria za ugali na maharagwe. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja wa masharubu, alitukaribisha kwa furaha ya mtu asiyejua kinachomjia. Mimi nikasogea kusoma jiwe. Eish! Marehemu alianguka na ndege yake mwaka 1944.

Nikamnong'oneza Victorine kwamba huyu mtu amekufa zamani, hata mama zetu walikuwa hawajazaliwa. Akanitazama kama ninayemharibia kazi.

"Yolande, maharagwe yameshaiva," akasema. "Kaa."

Tukakaa. Padre akaomba, tarumbeta likapigwa, kisha mwenyekiti akatangaza dakika mbili za kimya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu ukikaa kimya msibani, watu wanaanza kuulizana kama si wewe uliyemroga marehemu. Na hawa wazee wote wameinamisha vichwa, hakuna hata wa kuguna! Victorine akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona aibu kwa niaba ya familia nzima. Akafungua koo.

"Papa weee! Umetuacha na nani? Nani atatununulia chumvi?"

Rubani wa watu hajawahi kutununulia hata kiberiti, lakini tungemwacha mwenzetu alie peke yake? Tukampokea. Njiwa wakatimka. Mpiga tarumbeta akaliangusha tarumbeta lake. Mama mmoja akajigaragaza kwenye majani akimlaumu marehemu kwa kupanda ndege na miguu anayo. Mwenyekiti akaja mbio, uso mwekundu, akisema hii ni dharau, shughuli imeharibika, tuondoke. Bibi wa watu alitaka watu, sisi tumemletea fedheha, na sasa kamati imepata sababu ya kuifuta kumbukumbu yenyewe.

Bibi Hettie akasimama. Akamwambia mwenyekiti anyamaze yeye.

"Nilizaliwa baba ameshakufa," akasema. "Mama alikatazwa kulia. Walimwambia shujaa haliliwi. Maisha yangu yote sijasikia mtu akimlilia baba yangu."

Victorine akamsogezea kiti.

"Waliwadanganya, mama. Lia."

Akalia. Mwanzoni ungedhani anakohoa, kisha akaita baba, baba, ungerudi hata mara moja nikuone. Mwanamke wa miaka themanini na kitu, anamwita baba! Mimi nisiyelia ovyo nilijifuta machozi kwa mikono yangu hii ya samaki wa chumvi, chumvi ikaniingia machoni, nikalia kuwashinda wote.

Baadaye, wakati wa kula, mwenyekiti alisema, maharagwe kwenye masharubu, kwamba mwakani tukutane tena, ila dakika zake mbili za kimya zibaki. Victorine akakubali, mradi wanaotaka kunyamaza wakae upande wao. Bibi Hettie alikuwa ameshaburuta kiti chake kuja upande wetu.