Ziba na Hita ya Lori

Shemeji yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini halina kazi. Mtaa mzima unamwita Ziba. Anatengeneza vyombo vya bati, ndoo na makarai na mabirika, na anaziba vilivyotoboka, na hiyo ya pili ndiyo starehe yake. Mpelekee sufuria inayovuja, atakushukuru kama umemletea zawadi. Akija kwako kukusalimia, macho yanaenda kwanza kwenye paa, ndipo yashuke kwako. Siku aliyomuoa dada yangu mvua ilinyesha, na bwana harusi akaondoka katikati ya hotuba ya mjomba kwenda kuziba turubai. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya tundu lenyewe, kwa hiyo sikumsema.

Ninaishi kwao. Nilikuja kwa wiki moja tu, cherehani yangu ikalipenda baraza lao, na sasa watoto wa mtaani wanadhani nyumba ni yangu. Ziba naye ananitania kwamba mimi ndiye mgeni pekee anayewauliza wenyeji wataondoka lini. Namwacha aseme. Shemeji asiyetania ana ugonjwa.

Dada ni dereva. Ana lori la zamani alilorithi kwa baba yetu, lenye pua ndefu na taa za duara, limenizidi umri na bado linanizidi nguvu. Analitumia kubebea kabichi kutoka mashamba ya milimani hadi soko la mjini. Dada ni mfupi, anakalia mto ili aione barabara, na ukikutana na lori hilo kwenye kona unaweza kuapa kwamba linajiendesha. Mumewe hajui kuendesha hata toroli likaenda moja kwa moja.

Mwaka huu baridi ya huko juu ilimwingia dada vidoleni. Akirudi nyumbani anashika kikombe kwa viganja viwili, na vifungo vya koti namfungulia mimi. Asubuhi moja kwenye mteremko vidole vikagoma kabisa. Gia haikuingia, lori likaserereka, na kilichomwokoa ni ukingo wa udongo uliolipokea ubavuni. Baadhi ya kabichi zilitangulia sokoni bila dereva. Alitusimulia huku akicheka, akitia chumvi pale alipoona hatucheki vya kutosha, lakini mikono alikuwa ameificha chini ya mtandio. Jioni ile ile akampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Akamwambia aje Jumamosi, alione lori, na wakikubaliana aondoke nalo.

"Ukiliuza utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitapumzika," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa akapumzike kaburini.

Nikamkumbusha kwamba lori lina hita. Baba alikuwa akiiwasha tukiwa watoto, tunagombania kuweka miguu. Dada akaniambia alishaijaribu, mwezi uliopita. Ilichofanya ni kumtemea mapajani nyuzi, maganda ya mahindi na harufu ambayo hakupenda kuielezea wakati wa chakula.

"Hita yenyewe ni kitu gani?" akauliza Ziba, ambaye mpaka hapo alikuwa ameinamia sahani yake kama mtu aliyefiwa.

"Ni boksi tu la bati chini ya dashibodi," dada akamwambia. "Maji ya moto ya injini yanapita kwenye rejeta ndogo iliyomo ndani, feni inasukuma joto. Lakini boksi limeliwa na kutu, na panya wamejenga humo."

"Rudia hapo mwanzo."

"Boksi la bati."

"Limeoza?"

"Limeoza."

Ziba akasimama, uso umemng'aa. "Bati linaoza ndani ya familia yangu, na mimi nazibia majirani! Mke wangu, umenificha mangapi mengine?"

Kesho yake hakufungua kibanda chake. Alimwaga maji ya rejeta, akachomoa mipira, akajikunja chini ya dashibodi hadi ikabaki miguu peke yake nje ya mlango, inapiga mateke kila msumari wa parafujo ulipogoma. Kazi yangu ilikuwa kumulika tochi na kupokea matusi yasiyonihusu. Boksi lilipotoka, alilipindua juu ya gazeti pale barazani, karibu kabisa na cherehani yangu, na humo ikatoka nyumba nzima. Kulikuwa na sponji ya kiti cha lori, kamba za magunia, majani makavu ya kabichi, na kipande cha kitambaa cha dada kilichopotea siku nyingi, ambacho, naomba niseme, mimi ndiye niliyesingiziwa. Wenyewe walikuwa wameshahama. Harufu yao haikuhama. Nilisogeza cherehani hadi uani, na mteja aliyekuja kupima gauni akapimwa huko huko, kati ya kuku.

Lazima nikiri shemeji yangu anajua kazi. Aliliosha boksi kwa sabuni na siki, akalianika juani, akalirudia tena mpaka pua yangu iliporidhika, maana pua yake mwenyewe ilikufa zamani kwa moshi wa kulehemu. Rejeta ndogo aliipuliza kwa mdomo huku ameizamisha kwenye beseni, akitafuta mapovu. Haikutoa hata moja. Ilikuwa nzima, na niliona kabisa kwamba imemvunja moyo. Nyaya za feni zilizotafunwa akazibadili kwa mpya. Kisha akashika brashi ya waya na kuanza kusugua kutu, na alipofika chini, kitako cha boksi kikamong'onyoka kama biskuti kwenye chai.

"Tazama, shemeji," akaniita, akishikilia kipande. Kilikuwa kimejaa matundu yenye meno meno, na katikati yake kulikuwa na moja la duara, safi. "Panya aliyetoboa hili ni fundi. Ningemwajiri."

Akakata bati jipya, akalikunja kingo mara mbili kama anavyokunja vitako vya ndoo zake, akalehemu pande zote, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Mdomo wa juu, unaovutia hewa kutoka nje chini ya kioo cha mbele, akauwekea wavu ili panya wasirudi. Zikabaki zile sponji za kuzibia mianya kati ya boksi na ukuta wa injini, ambazo wapangaji walizila. Nilipogundua amepata wapi sponji mpya, suti ya mwalimu mkuu niliyokuwa naishona ilikuwa imebaki na sponji ya bega moja. Sitaki kueleza tulivyoambiana siku hiyo.

Kabla ya kulirudisha, akaziba midomo ya boksi kwa matambara, akalijaza maji, akaliweka juu ya kigoda. Ndivyo anavyojaribu kila ndoo. Liliketi pale tangu asubuhi hadi jua lilipopinda, na kila aliyepita akavutwa mkono aje kuona chini yake.

"Hata tone!" Ziba akawa anasema. "Pitisha mkono. Kavu! Wenye kiwanda wenyewe hawakulifikisha hapa."

Tukampongeza. Hata dada alitabasamu, na siku hizo tabasamu lake lilikuwa adimu. Boksi likarudi mahali pake Alhamisi. Usiku mvua ikanyesha, mvua ya kweli ya kupiga mabati, na Ziba akalala usingizi mnono wa mtu ambaye hana kinachovuja.

Ijumaa mchana tukaenda kuijaribu. Dada alikaa kwenye usukani, Ziba kando yake na shati la kutokea, mimi nimesimama kwenye kidaraja cha mlango kwa sababu sijaalikwa ndani. Injini ikaunguruma mpaka ikapata moto. Dada akavuta kitufe cha hita. Feni ikakohoa, ikashika kasi, na chini ya dashibodi ukatoka mvumo wa ajabu, kisha maji ya kutu yakawamwagikia wote wawili kuanzia magotini, kwa nguvu, kama mtu amewarushia karai.

Nilicheka mpaka nikashikilia kioo cha pembeni nisianguke. Ziba alikuwa akilikamua shati lake la kutokea. Dada alikuwa ameinamisha paji la uso juu ya usukani, mabega yanatikisika, nikajua naye anakufa kwa kicheko. Kumbe analia.

"Mke wangu, ni maji tu," Ziba akasema.

"Najua ni maji!" dada akamjibu. "Kesho yule mtu anakuja na mnyororo wa kuvutia. Mnadhani nalilia vidole? Vidole vitazoea. Nikiamka asubuhi ninajua mimi ni nani, kwa sababu lori liko pale nje linanisubiri. Nikikaa barazani nikiangalia malori ya wenzangu yakipita, nitakuwa nani?"

Nikajuta kicheko changu. Dada akafuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi, kisha akamgeukia mumewe taratibu.

"Hewa inayoingia juu inaingia na maji ya mvua," akasema. "Chini palikuwa na tundu la kuyatoa. Nilikuwa nikiyaona matone yake baba akiegesha. Liko wapi?"

"Tundu gani?"

"La duara."

Niliwahi kumwona Ziba akipokea habari za msiba, na hakubadilika rangi hivyo.

Alikwenda kibandani, akarudi na drili. Akalala chali chini ya dashibodi, juu ya yale maji. Akapima mahali, akapafuta, akapima tena. Mtu huyu amezeeka akiziba, na katika maisha yake hajawahi kutoboa chombo kizima, sembuse chake mwenyewe, sembuse kitako alichokikunja mara mbili.

"Shemeji," akaniita kutoka huko chini, "njoo utoboe wewe."

"Mimi nashona."

"Basi nishike mguu."

Nikamshika mguu. Dada akamwekea mkono begani, ule mkono wenye vidole vilivyovimba, akamwambia, "Toboa, mume wangu."

Akatoboa. Maji yaliyosalia yakamshukia usoni, kisha yakawa matone, tone baada ya tone. Alibaki amelala akiyatazama.

"Linavuja," akasema kwa huzuni.

"Linavuja vizuri sana," dada akamwambia.

Tulipoiwasha tena, feni ilisukuma hewa ya uvuguvugu, halafu ya moto. Ilinuka rangi mpya, na kwa mbali kabisa, panya. Dada akatandaza vidole mbele ya tundu la hewa, akaanza kuvikunja na kuvikunjua, kimoja kimoja. Hakuzima injini, na hakuna aliyemwambia azime. Nami mara hii sikungoja mwaliko, nikapanda nikambana Ziba mlangoni.

Jumamosi waliondoka alfajiri. Ziba naye alikwenda, amebeba kopo la kukingia matone, eti aone yanatoka sawasawa. Nikabaki na suti ya mwalimu mkuu.

Mnunuzi alifika jua limeshatoka, na mnyororo wake begani. Aliangalia uani, akaangalia doa la oili pale lori linapolala.

"Nimekuja kuchukua lori," akasema.

"Limeenda sokoni."

"Na nani? Niliambiwa mwenyewe hawezi tena kuendesha."

Ninazo kejeli za kumjibu mtu kama huyo, na nilikuwa nimemwandalia tangu jana. Lakini nilipofungua mdomo, zote nikaziacha.

"Na dada yangu," nikamwambia. "Dada yangu ndiye anayeliendesha."