Neno Alilobandikwa Mke Wangu

Asubuhi ya mwisho mke wangu aliniambia shati nimelivaa nje ndani. Nikamwambia ndiyo mtindo. Akacheka, akanywa chai amesimama, akaenda kazini. Saa sita akaanguka. Hakuamka.

Alisafisha vyoo vya ofisi moja miaka kumi na tisa. Vyoo vya watu wa tai. Alichokuwa akikikuta ukutani sitakitaja. Watu wazima, tena wamesoma! Alisugua kwa mswaki hadi chini ya ukingo wa bakuli, kisha akainama kunusa. Bila kunusa hakuamini.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, msimamizi mpya alimpa karatasi. Ndiye huyo aliyenipa pole msibani kwa ncha za vidole, macho kwenye simu. Karatasi ilisema kwa Kiingereza kwamba mke wangu anasafisha "perfunctorily". Akubali kwa saini, la sivyo kazi hana. Makarani wenyewe hawakulijua neno hilo. Mke wangu akampelekea binti yetu, mwalimu.

"Mama, wanasema unalipua kazi. Bora liende."

"Mimi?"

"Si kwamba hufanyi. Unafanya, ila moyo haumo. Kama mtu anayekusalimia huku ameshakupita."

"Na linatumikaje?"

"Kwa mambo ya kutimiza tu. Mtu anakagua hivyo, anatia saini hivyo."

Kesho yake mke wangu akaniambia, "Mzee, nisindikize."

Nyuma ya mlango wa choo palikuwa na karatasi ya ukaguzi. Kila jioni msimamizi anatakiwa aingie, akague, atie saini. Mimi sikusoma, ila siku za wiki nazijua. Ilikuwa Jumanne. Saini zilikuwa zimeshafika Ijumaa.

Nikainama kunusa, kama yeye. Choo kilikuwa hakina hata harufu.

Msimamizi akaja, akasimama nje, leso puani.

"Mama, saini tuyamalize. Nina kikao."

"Ingia kwanza, baba."

"Nimeshaona."

"Hata Ijumaa umeshaiona?"

Kazi mke wangu hakuipoteza, na ile karatasi hatukuiona tena. Alimrudishia pamoja na kalamu, akamwambia:

"Neno lako nimeelezwa, baba, na ni zuri. Ila umemwandikia asiyehusika. Saini wewe, maana ndiwe mzoefu."