Server ya RAM kubwa ilivyokuwa inachelewa kuwaka Nakivale, na tulivyoiwahisha kabla ya mtihani

Wakuu, habari za kwenu. Hii sijaipamba, nimeipitia mwenyewe.

Mimi naangalia kompyuta za kituo chetu cha masomo hapa Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tulipewa server ya msaada, RAM, yaani memory yake ya kufanyia kazi, terabyte nzima. Wanafunzi wote wanafanyia kazi humo, mezani kwao kuna screen na keyboard tu.

Shida ilikuwa kuwaka. Sola ikizima, unaweza kuinjika maharage yakaiva mashine bado haijarudi.

Mama Espérance, Mkongomani anayesimamia kituo, akaniita.

"Banafunzi biko na examen ya mtandao juma ijayo. Umeme ikikatika, inabafungia inje. Utafanya nini?"

Mwanafunzi mmoja, Aline, binti wa Kirundi, alishafeli hivyo hivyo muhula uliopita. Akikosa tena, kozi imekwisha.

Nikaenda mjini Mbarara, kwa fundi Mugisha wa Kamukuzi.

"Toa RAM nusu, itawaka haraka."

Nikamwambia nusu ya wanafunzi watakosa nafasi. Akavuta kiti.

"Basi tuangalie hiyo wakati inapotelea wapi."

Nilikuwa nimerekodi video ya mashine ikiwaka. Tukaitazama pole pole.

Kumbe BIOS, ile programu inayoamsha mashine, ilikuwa inapima RAM yote upya kila mara. Halafu kernel, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ya zamani sana, inaandaa kila kipande cha memory kwa core moja tu ya processor, nyingine zote zimekaa zinaitazama. RAM ikiwa ndogo huoni, ila kwa terabyte utazeeka.

Niliporudi nikaweka BIOS kwenye kipimo kifupi, nikapandisha kernel mpya. Hii inaandaa memory kidogo ya kuanzia, inayobaki core zote zinagawana.

Siku ya mtihani, mawingu, sola ikazima. Aline akashika kichwa.

Tukahamia jenereta, nikawasha. Sijamaliza hata kuwaambia watulie, login hiyo hapo.

Wote walirudi ndani. Aline alimaliza, na amefaulu. Majibu yalipotoka Mama Espérance alipiga vigelegele hadi wenye maduka wakatoka nje.

Nilichojifunza: usikimbilie kung'oa hardware kabla hujajua muda unaliwa wapi.

Wenye mashine za RAM kubwa, yenu inakwama hatua gani? Wekeni hapa tuone. Na kama kuna nilipokosea, nirekebisheni bila huruma.