Paipu ya Gari la Daktari Akinyi

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Eldoret, na wiki jana nilijiaibisha mbele ya mwanamke ninayemheshimu kuliko wote mjini. Daktari Akinyi wa mtaa wa Elgon View aliniletea gari lake dogo, lile lisilo na paa.

"Fundi, mwaka huu nashindana. Niwekee paipu imara nyuma ya viti."

Uchaguzi ulikuwa karibu, nikajua anataka ubunge! Mama jasiri hivyo, tena ndiye aliyemzalisha mke wangu salama, angekosaje kura yangu? Nikamchomelea paipu ya kufika kiunoni, ya kushikilia akisimama kupungia watu. Nikaipaka rangi za chama chetu, kisha nikaita akina mama wa mtaa wa Munyaka waje kumpokea.

Alipofika, vigelegele vikalipuka. "Mheshimiwa! Mheshimiwa!"

Daktari akaketi kwenye usukani, akageuka. Kichwa chake kilikuwa juu ya paipu kabisa.

"Fundi," akasema kwa upole, "nashindana mbio za magari. Paipu ni ya kukinga kichwa gari likipinduka."

Akina mama wakanigeukia. Mimi bado nilikuwa nimeinua kidole juu, salamu ya chama.