Simu Iliyovuka Mpaka Ndani ya Kikapu

Mtunza vielelezo wa mahakama, mama wa makamo ambaye mawakili walimwita Mama Stoo, alikuwa amefura kwa hasira. Pembe za ndovu alikuwa nazo yeye, nyuma ya mlango wa chuma. Simu ya mtuhumiwa, yenye ujumbe wa kuziagiza, ilikuwa kituo cha polisi ng'ambo ya mpaka, ukiita unasikika. Bila ushahidi huo, kesi ingefutwa kesho.

"Wao ndio waandike ombi kwanza," alisema mwendesha mashtaka. "Gari la mtuhumiwa lilikamatwa kwao."

Ng'ambo nao walijibu: pembe ziko kwenu, andikeni nyinyi. Mwaka mzima wakitegeana! Wapiganapo fahali wawili huumia nyasi. Safari hii waliumia ndovu.

Mama Stoo akavuka. Pale mpakani watu hupitishiana chumvi, dawa, hata watoto wa kulea, bila kuuliza mtu. Na stoo ya kituo cha ng'ambo ilitunzwa na wifi yake.

"Wifi, utanifukuzisha kazi!"

"Kazi gani, kumtunzia mwizi simu? Tia humu kikapuni."

Kesho yake wakili wa utetezi akatabasamu. "Mama, simu hii umeipata wapi?"

"Kwa wifi yangu."

Mahakama nzima ikaangua kicheko.

Hakimu hakucheka. Ushahidi wa mlango wa nyuma haupokelewi, alisema. Rekodi za simu ziombwe kisheria kutoka ng'ambo, zikija mtu huyu ashtakiwe upya. Kwa leo, aende.

Mlangoni mtuhumiwa akaminya jicho. "Mama, nisalimie wifi."

Wifi alikuwa ameshasimamishwa kazi asubuhi ile.

Mama Stoo aliingia ofisini kwa mwendesha mashtaka bila kubisha hodi, akaburuta kiti mpaka mlangoni, akakikalia.

"Nimekosa, na nimeumbuliwa mbele ya watu. Wifi yangu kakosa, hana kazi. Nyinyi mliokaa mkitegeana, nani kawaumbua?"

"Mama, kuna taratibu..."

"Ndizo ninazozitaka! Hakimu kakutajia. Andika ombi la rekodi."

"Nitaandika wiki ijayo."

"Wiki ijayo atakuwa amekwisha kuua ndovu wengine. Hapa hutoki, mwanangu."

Mwendesha mashtaka aliutazama mlango, akamtazama mama. Akavuta kompyuta, akaandika mstari mmoja, akasita.

"Endelea," alisema Mama Stoo.