Ndoo ya Bibi wa Nyamuswa

Wiki ile sikumwamini mtu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nilikuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ya uongozi katika hospitali ya Butiama, nikakabidhiwa wodi ya wazazi niisimamie. Siku ya kwanza tu mashuka yakapotea. Tangu hapo kila mzigo uliotoka mlangoni niliuona una shuka la wodi ndani.

Asubuhi moja nikamwona bibi kutoka Nyamuswa, ambaye mkwe wake alikuwa amejifungua alfajiri. Anatoka na ndoo yenye mfuniko, ameifunga kwa khanga. Nilipomtazama, akaihamishia mkono wa pili. Huyo huyo, nikasema moyoni. Nikamnyatia hadi getini, nikamwita mlinzi.

"Shikamoo bibi. Umebeba nini?"

"Marahaba. Vitu vyetu vya nyumbani."

"Naomba ufungue."

"Mwanangu, hapa kuna wanaume."

Jibu hilo likanithibitishia kila kitu. Mashuka na wanaume wapi na wapi? Vijana wa bodaboda walishaanza kusogea. Nikafungua khanga, nikavuta mfuniko mwenyewe, kifua mbele kama askari wa upekuzi.

Mlinzi akageuza uso. Ndani mlikuwa na kondo la nyuma la yule mtoto wa alfajiri, na ni mimi niliyekuwa nimeruhusu ndugu wapewe.

Bibi akafunika taratibu.

"La mjukuu wangu tunalizikaga nyumbani, ili akikua awe na akili za kwao," akasema. "La kwako, mwanangu, walilitupa wapi?"