Nilicheza fainali ng'ambo ya mpaka kwa jina la Mwende, kisha nikakutana naye kwenye mechi ya kimataifa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Hiki ninachoandika sijawahi kukisimulia hata kambini. Ni kweli tupu. Atakayesema ni chai aseme, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni GK. Kwa msiofuatilia netiboli, huyo ndiye beki wa mwisho, kazi yake ni kumnyima mfungaji raha. Nimechezea timu ya taifa miaka kadhaa na nasema bila aibu: nilikuwa mzuri. Tena sana.

Nimezaliwa Tarakea, Rombo. Mtu wa Tarakea mpaka hausumbui. Mama alikuwa anapeleka ndizi upande wa Kenya asubuhi, jioni yuko jikoni kwake anapika.

Kwa hiyo nikiwa kidato cha nne, kocha mmoja wa ng'ambo aliponifuata akisema ana fainali na beki wake hatoshi, sikuona kosa lolote. Mpakani kule mamluki ni jambo la kawaida. Malipo yenyewe chipsi kuku na soda mbili!

Shida ilikuwa usajili, ulishafungwa. Kocha akaniambia, "Leo wewe ni Mwende. Ukisikia Mwende, itika."

Mwende ndiye alikuwa GK wao halisi. Baba Mkamba, mama Mrombo kama mimi. Alikaa pembeni ya uwanja, jezi yake nimeivaa mimi. Alinitazama robo zote nne.

Nilikichafua siku ile. Tukashinda, watu wakaimba "Mwende! Mwende!" na mimi bila haya nikawapungia mkono.

Wakati naondoka ndipo nikamwona mama mmoja anamfunika Mwende kanga mabegani. Kumbe alikuwa mama yake, amekuja kumwona mwanae akicheza fainali.

Nikala chipsi zangu, nikarudi nyumbani, nikasahau. Ndiyo, nilisahau, nisiwadanganye.

Miaka ikaenda. Nikachezea timu ya mkoa pale Moshi, wakaniona, nikaitwa taifa. Yakaja mashindano yangu ya kwanza nje ya nchi, hukohuko Kenya. Tukafikia hoteli moja na Wakenya, na kesho yake tulikuwa tunacheza nao.

Niko kwenye foleni ya chakula na sahani yangu, nasikia sauti nyuma yangu.

"Habari yako, Mwende."

Yesu na Maria! Nusura sahani ianguke.

Alikuwa yeye, amevaa traksuti ya Kenya. Akaniambia siku hizi yeye ni GS, yaani mfungaji. Kisha akasema taratibu, "Kocha wangu bado sijamwambia kitu." Akachukua wali wake akaenda kukaa.

Wakuu, nilijua hapo nimekwisha. Neno moja tu la yule dada, nafungiwa, na timu ya taifa naisikia redioni.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti iko hivyo?"

Nikamweleza yote.

"Yaani ulimvua jezi mtoto wa mwenzangu mbele ya mama yake, ukaja hapa ukala kwangu kama mtu mwema?"

"Mama, nilikuwa mtoto."

"Sasa umekua. Tafuta isale."

Kwa wasio Wachagga: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona mkononi mwako hawezi kukufukuza. Hata kesi za watu kushikiana mapanga zimeishia kwenye isale.

Isale nitalipata wapi ugenini? Bahati, hoteli ilikuwa imeyapanda kwenye vyungu pale mlangoni, eti mapambo. Mlinzi akanikuta nalikata.

"Dada, maua ya watu hayo!"

"Kaka, niache, nina kesi."

Akaniangalia usoni, akaniacha.

Nikaenda kugonga chumbani kwake. Mwende alifungua mlango, akaliona jani, akaanza kucheka. Halafu akakaa kitandani, machozi yakamtoka. Nikapiga magoti.

"Nilivaa jezi yako na nikaitikia jina lako. Nisamehe."

"Unajua baada ya siku ile sikurudishwa tena beki? Nilijifunza kufunga ili nisitolewe timu. Na nikifanya mazoezi, beki ninayemuwaza mbele yangu ni mmoja tu."

Nikainamisha kichwa, mimi ninayejiita ukuta, nikamnyooshea isale. Alilipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe. Kocha hatajua kupitia kwangu. Lakini isale linafuta kosa, halifuti magoli. Kesho njoo na jina lako."

Kesho yake mtangazaji akasoma jina langu. Langu mimi. Upande wa Kenya mchezaji mmoja tu ndiye aliyepiga makofi.

Mechi ikaanza. Nilimnyang'anya pasi, niliruka naye, nilimsumbua kweli kweli, sikumwachia hata goli moja la bure. Tukafika sekunde za mwisho tuko sare.

Akapokea mpira ndani ya duara. Nikanyoosha mikono yote niliyopewa na Mungu. Akaurudisha mpira nyuma ya kichwa, akaupitisha juu ya vidole vyangu. Ukaingia.

Wametufunga kwa goli moja, wakuu, na aliyelifunga ni yeye.

Jukwaani akasimama mama mmoja wa makamo, kanga ameishika juu anaipeperusha, anapiga kelele "Mwende! Mwende!" Nilimtambua palepale. Na safari hii aliyempungia mkono alikuwa Mwende.

Nililia, sikatai. Wenzangu walidhani nalilia mechi.

Siku hizi nafundisha mabinti huku Kilema. Makocha wanakuja kuniazima beki kwa ajili ya fainali zao, maana mabeki wangu ni moto. Namuuliza kila mmoja: huyo beki wako atakaa wapi, na mama yake anakuja? Wengi wanaaga hapohapo.

Mamluki mwenzangu uliyeko humu, uliitikia jina la nani, na ulishamtafuta? Na wewe uliyekalishwa pembeni jezi yako ikichezwa na mtu, njoo useme. Nipo nasoma, hata mkinisema nitavumilia.